Mkorosho Hauharakishwi

Leo tuko Chole, wilayani Kisarawe, na mwalimu wetu ni mkorosho.

Mti huu una kalenda yake. Masika, kati ya Machi na Mei, unakunywa mvua na kutulia. Mwenye pupa atasema umelala. Mvua zikikatika na kipupwe kuingia, ndipo unachipua majani mapya, kisha maua. Hapo mkulima hupulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, maana ua likiharibika, hakuna korosho. Mavuno huja mwishoni mwa mwaka. Na huo ni mti uliokomaa! Mche wa leo huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi, tena kidogo kidogo.

Lakini kungoja huku si kukaa bure. Palizi inaendelea, na katikati ya miche michanga hupandwa mihogo au kunde, ili watu wapate kula.

Vivyo hivyo, kijana anayejifunza cherehani, au anayerudia mtihani, yuko katika miaka hiyo ya mche. Kumpima kwa magunia ya mkorosho wa babu yake ni kumwonea tu.

Mzazi unayetusikiliza, kabla hujamwita mwanao mvivu, muulize kwanza mwaka huu amejifunza nini.