KODI NA MZIGO WA KUTUNZA WAZEE
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa tawi)



Leo nataka tutazame karatasi ya mshahara. Kodi hukatwa kabla pesa hazijafika mkononi, kisha tunapunguziwa kidogo, yaani nafuu ya kodi. Mwezi wa Aprili, 2020, nafuu hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 1,408 mpaka 2,400 kwa mwezi. Lakini ni ile ile kwa kijana anayekula peke yake na kwa mtu mwenye mama aliyepooza nyumbani. Je, mizigo yao ni sawa?

Wengine watasema sheria imekwisha wafikiria walemavu. Ni kweli: kwa Amri ya 2010, mlemavu mwenye cheti hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Lakini mama asiye na mshahara ana kodi gani ya kusamehewa? Anayenunua dawa ni mtoto wake, na anayekatwa kodi ni huyo huyo mtoto.

Ujerumani, tangu 2021, mtu anayemtunza mgonjwa mahututi nyumbani bila malipo huweza kuondolewa euro 1,800 kwa mwaka katika mapato yanayotozwa kodi. Wakiwa wawili, hugawana.

Lakini tuangalie sana tunachodai. Ukiondoa shilingi 5,000 katika mapato, anayetozwa asilimia 25 huokoa 1,250, na tajiri wa asilimia 35 huokoa 1,750. Kwa hiyo tudai kiasi kimoja kwa wote, kiondolewe katika kodi yenyewe.

Tena yuko mwenzetu wa mshahara wa shilingi 24,000. Asilimia 10 yake ni 2,400, nayo nafuu huimaliza yote. Hana kodi ya kupunguziwa. Huyu tumpiganie katika mkataba na mwajiri: siku za ruhusa za kumpeleka mzazi hospitali, na msaada wa matibabu ya mzazi.

Basi, ndugu zangu, kila mmoja aandike anamtunza nani na anatumia kiasi gani kwa mwezi, ampe mjumbe wa kazini. Ndugu wanaomchangia mzazi mmoja, kila mtu aandike fungu lake. Halmashauri haiwezi kwenda mbele ya Wabunge wala mbele ya mwajiri kwa maneno matupu. Itakwenda na hesabu zenu.