Shetani Alimpitia Nani Pale Nyange?



Yako maneno ambayo kila aliyewahi kukaa katika benchi la mahakama ya mwanzo ameyasikia. Mshitakiwa ametiwa hatiani, hakimu anamwuliza kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu kutolewa, naye anainamisha kichwa: "Mheshimiwa, ni shetani tu alinipitia." Aliyevunja duka usiku kapitiwa na shetani. Mweka hazina aliyekula fedha za wakulima naye kapitiwa. Shetani huyu ana kazi nyingi kweli kweli, na ajabu ni kwamba hajapata hata siku moja kuitwa kizimbani.

Nayataja maneno hayo kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya dhambi, na pamoja nayo wema wa binadamu, kama imani ya Kikristo inavyoyaeleza mambo hayo mawili. Mimi si padri wala mchungaji; stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Basi nitaanza na habari. Habari yenyewe ilipita katika mahakama iliyokaa hapa hapa nchini mwetu, Arusha, nasi watu wa vyombo vya habari tuliisoma na kuisahau upesi mno.

Nyange ni parokia ya Kikatoliki iliyoko magharibi ya Rwanda. Aprili 1994, baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa usiku wa tarehe 6 na mauaji ya kimbari kuanza, Watutsi wa eneo hilo walikimbilia kanisani. Hawakuwa wajinga. Katika machafuko ya miaka ya nyuma, waliokimbilia kanisani walipona. Padri aliyekuwa akiiangalia parokia hiyo aliitwa Athanase Seromba. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliridhika kwamba aliwakataza wakimbizi hao kuchuma ndizi katika shamba la parokia, na akakataa kuwasomea misa. Tarehe 16 Aprili likaletwa katapila. Dereva alisita. Akamwuliza padri kama kweli alibomoe kanisa. Padri alikubali, tena akamwelekeza upande wa jengo uliokuwa dhaifu zaidi. Kanisa likawaangukia watu wapatao 1,500.

Baadaye padri huyo alikwenda Italia, akaendelea na kazi ya upadri kwa jina jingine, mpaka alipojisalimisha mwaka 2002. Aliyakana mashitaka yote. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ikaifanya kuwa kifungo cha maisha.

Najua unachotaka kusema, msikilizaji, maana hata mimi kilinijia mdomoni. "Yule si mtu. Ni mnyama yule." Kiswahili chetu kinaona fahari kwamba mtu na utu ni neno moja, na anayekosa utu tunamwondoa katika hesabu ya watu. Ni hukumu kali na mara nyingi anaistahili aliyehukumiwa. Lakini hapa inatuponza. Mnyama akifanya unyama, mimi na wewe yanatuhusu nini? Tunafunga mlango, tunalala. Na yule alikuwa mtu aliyepita seminari, aliyebatiza watoto, aliyeketi kusikiliza maungamo ya wengine. Nchi yake iliwekwa wakfu kwa Kristo Mfalme mwaka 1946 na Mfalme Mutara III Rudahigwa, na katika sensa ya 1991 karibu watu tisa kati ya kumi walijiandikisha kuwa Wakristo.

Ukiyatazama vizuri, "shetani alinipitia" na "yule ni mnyama" ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza tunajisemea wenyewe, la pili tunawasemea wenzetu, na yote mawili yanaitoa dhambi nje ya binadamu. Imani ya Kikristo, kwa jinsi ninavyoielewa, hairuhusu hata moja. Soma kisa cha bustani katika kitabu cha Mwanzo. Mwanamume anamsingizia mwanamke, mwanamke anamsingizia nyoka, na Mungu anawaadhibu wote watatu. Kuwepo kwa nyoka hakukumwokoa mtu. Na tusisahau kwamba kabla ya kisa hicho, kitabu hicho hicho kimekwisha kusema kuwa binadamu kaumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba kilichoumbwa kilikuwa chema. Dhambi ya Kikristo inakaa ndani ya kiumbe chema. Ndiyo maana inatisha.

Juu ya jambo hili Wakristo waligombana zamani sana, na mmoja wa wagombani alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo uko Algeria, akawa askofu wa Hippo. Mpinzani wake, Pelagius, alitoka Uingereza na kufundisha Roma. Pelagius aliwachoka Wakristo wa mjini waliokuwa wakisema, "Sisi ni dhaifu, tutafanyaje?" Akafundisha kwamba Mungu hawezi kuamuru jambo lisilowezekana, mtu amepewa uwezo wa kuchagua mema, basi na achague. Nikiikumbuka ile mahakama ya mwanzo, namwelewa kabisa Pelagius. Augustino alijibu kwamba jeraha limeingia ndani zaidi, katika kutaka kwenyewe. Mtu anaweza kulijua jema na bado asilitake, na bila neema ya Mungu hataponyoka. Maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago mwaka 418 walikuwa upande wa Augustino. Makanisa ya Kiorthodoksi hayakumfuata katika fundisho kwamba tunazaliwa na hatia ya Adamu, lakini hiyo tuwaachie wenye digrii zao.

Mimi kilichonishika ni kisa kidogo alichokisimulia mwenyewe. Alipokuwa kijana wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapeasi usiku katika mti wa jirani. Njaa hawakuwa nayo, na kwao yalikuwapo mapeasi mazuri kuliko yale. Mengi waliwatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, alilichimba jambo hilo kama mpelelezi, naye hakumtafuta shetani wa kumsingizia. Alisema aliupenda uovu wenyewe. Kisha akasema jambo ambalo laiti lingebandikwa katika kila mkutano wa hadhara: kwamba peke yake asingefanya. Ni kundi. Mmoja anasema twendeni, na wengine wanaona haya kuonekana wana haya.

Turudi Nyange. Karibu na parokia hiyo iko shule ya sekondari. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wakiwa madarasani wanajisomea, waliingia watu wenye silaha wa kundi la wale waliokuwa wamekimbilia nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakajibu kwamba hapo hakuna Wahutu wala Watutsi, wapo Wanyarwanda tu. Wakaamriwa tena. Hawakusogea. Wakamiminiwa risasi na mabomu ya mkono. Sita waliuawa papo hapo, wengine wakajeruhiwa. Mwaka 2001 Rwanda iliwatangaza wanafunzi hao kuwa mashujaa wa taifa.

Hebu mfikirie mwanafunzi Mhutu aliyekuwa ndani ya darasa lile. Alitakiwa kupiga hatua tatu tu kwenda upande mmoja wa chumba. Asingeua mtu. Asingemtaja mtu kwa jina. Angeishi.

Hapa tena ulimi wetu una jibu tayari: "Wale walikuwa malaika." Hapana. Tukiwaita malaika tumewatoa nao katika hesabu ya watu, na tumejisamehe mapema. Walikuwa vijana wa shule ya bweni, waliokuwa watoto mwaka 1994 na kuyaona waliyoyaona. Pelagius angesema: mmeona, mtu anaweza. Augustino angesema: mmeiona neema. Mimi naelekea kwa Augustino ninapomwaza padri, na ninapowawaza wanafunzi naelekea kidogo kwa Pelagius, wanateolojia wanisamehe. Lakini naona pia kwamba nao walikuwa kundi. Mmoja alijibu, wengine wakabaki naye. Pengine peke yake asingeweza.

Na Kanisa lenyewe? Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba Kanisa haliwezi kubebeshwa makosa ya waumini waliokwenda kinyume cha Injili, na kwamba hao wajibu wenyewe. Miaka 20 baadaye, Novemba 2016, maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa waumini wao waliohusika na mauaji. Serikali ya nchi hiyo ikasema haitoshi. Machi 2017 Papa Fransisko, akizungumza na Rais Paul Kagame huko Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Kwa miaka hiyo yote hoja ilikuwa ile ile ya mahakama ya mwanzo: nani anasimama kizimbani.

Pale Nyange limejengwa kanisa jipya, na kando yake wamezikwa waliofukiwa na lile la zamani.

Muda wangu umekwisha, ndugu msikilizaji. Tukutane juma lijalo.