Kuthibitisha Maumivu ya Nafsi katika Madai ya Fidia ya Ajali: Mazingira ya Sakina na Mahakama za Arusha

Maumivu ya nafsi, yaani hofu, fedheha, kukosa usingizi na kupotewa na raha ya maisha kunakompata mtu kwa uzembe wa mwingine, ni madhara yanayotambuliwa na sheria ya Tanzania, lakini ndiyo yanayopotea kwa wepesi zaidi kati ya siku ya ajali na siku ya hukumu. Mada hii inashikilia kwamba hayapotei kwa kuwa sheria imeyakataa, bali kwa kuwa hakuna aliyeyaandika mapema. Dereva wa bodaboda anapogongwa kwenye barabara ya Sakina hadi Tengeru, mkoani Arusha, ambayo kwa kilomita 14.1 imepanuliwa kuwa ya njia mbili, hufikishwa hospitali akiwa na fomu ya polisi ijulikanayo kama PF3, na kinachojazwa humo kwa kawaida ni mfupa uliovunjika na kidonda kilichoshonwa. Kwamba mtu huyo hathubutu tena kushika usukani, na kwamba honi ya lori humtetemesha, mara nyingi hakuandikwi popote.

Msingi wa kisheria ni wa zamani. Sheria ya Usimamizi wa Haki na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, iliingiza nchini kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na wakati huo kanuni hizo zilikuwa zimekwisha kugeuka. Mwaka 1888, katika shauri la Victorian Railways Commissioners dhidi ya Coultas, Baraza la Faragha la London lilikataa kumfidia mwanamke mjamzito aliyenusurika kugongwa na treni, kwa kuwa mshtuko peke yake ulihesabiwa kuwa madhara yaliyo mbali mno na kosa. Mwaka 1901, katika Dulieu dhidi ya White, mahakama ya Uingereza ilishika njia nyingine, ikakubali kwamba hofu ya kweli juu ya usalama wa mtu mwenyewe, ikimletea maradhi, inastahili fidia hata kama hakuguswa. Hukumu za baadaye, ikiwemo ya Alcock ya mwaka 1991 iliyotokana na maafa ya uwanja wa Hillsborough, hazizifungi mahakama za Tanzania, ila zina uzito wa kushawishi, hasa zinapotenganisha huzuni ya kawaida ya binadamu na ugonjwa wa akili unaotambuliwa na tabibu. Mpaka huo humhusu zaidi anayedai kwa mshtuko peke yake. Aliyejeruhiwa mwilini hudai maumivu ya nafsi pamoja na ya mwili.

Kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, anayedai ndiye anayethibitisha, na kipimo ni mizania ya uwezekano, yaani kuonyesha kwamba jambo linaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Maumivu ya nafsi huingia katika fidia ya jumla, ambayo kiasi chake hupangwa na hakimu, tofauti na fidia mahususi, kama gharama za dawa, ambayo lazima itajwe na kuthibitishwa senti kwa senti. Baadhi ya mawakili hudhani kwamba uhuru huo wa hakimu unawaondolea kazi, na dhana hiyo imewaumiza wadai wengi. Katika Rufaa ya Madai Na. 25 ya mwaka 2014, iliyosikilizwa Arusha, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba fidia ya jumla hutolewa baada ya kutafakari ushahidi uliomo kwenye kumbukumbu, na kwamba sababu zake lazima zielezwe. Hakimu asiyepewa ushahidi hana sababu za kueleza.

Ushahidi wenyewe una sura mbili. Daktari wa afya ya akili hueleza ugonjwa, kwa mfano mkazo unaofuatia kiwewe, ambao humrudishia mgonjwa ajali katika fikra na ndoto na kumfanya akwepe kila kinachoikumbusha kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kisha huonyesha uhusiano wake na ajali na hali ya mgonjwa kabla yake. Hata hivyo, shahidi anayepuuzwa isivyostahili ni yule wa nyumbani na wa kijiweni. Mke anayeamshwa usiku na kelele za mumewe, au mwenzake wa bodaboda aliyemwona akirudisha pikipiki kwa mwenye mali, husimulia alichokiona na kukisikia mwenyewe, na ushahidi huo ni wa moja kwa moja.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, hufuata njia tofauti, kwa kuwa madhara ya nafsi huyachukulia kuwa yametokea haki inapovunjwa. Katika shauri la warithi wa Norbert Zongo, mwandishi wa habari aliyeuawa pamoja na wenzake, dhidi ya Burkina Faso, tarehe 5 Juni 2015, iliamuru kila mwenzi alipwe faranga za CFA milioni 25, kila mtoto milioni 15 na kila mzazi milioni 10. Dhana hiyo haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye madai ya uzembe baina ya raia, lakini inaonyesha kwamba uchungu wa jamaa unaweza kupewa thamani bila kudhalilishwa kwa kutiliwa shaka.

Muda nao ni mfupi. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, ilhali kiwewe huweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya mfupa kuunga, na mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa harudi hospitali kueleza ndoto mbaya. Barua ya wakili ya kuomba uchunguzi wa akili inapaswa kumfikia daktari wakati faili la majeraha bado liko wazi.