Besi ya Gari Si Wati Pekee
Mwenye gari asiyeridhika na besi aghalabu hukimbilia amplifaya kubwa zaidi. Hata hivyo, kuongeza wati maradufu huzidisha sauti kwa desibeli 3 tu, jambo ambalo wauzaji, si ajabu, hawalitangazi.

Busara ni kuanza na nyaya. Palipo na sabufa mbili katika sanduku moja, iwapo ya pili imeunganishwa chanya kwa hasi, moja husukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na mdundo hutoweka. Kuzigeuza nyaya hizo hakugharimu hata senti.

Kisha lipo sanduku lenyewe. Lililozibwa kabisa hutoa mdundo mkavu. Lenye tundu huvuma zaidi, ila sauti zikishuka mno spika hupwaya, na ikilazimishwa huharibika. Taa zikififia kila mdundo unapopiga, umeme wa gari umekwisha kuelemewa.