Ndoana na Mshipi kwa Ziwa Usilolijua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Natumaini kila mtu amekwisha kukaa, na kalamu na daftari ziko mezani. Leo tutasoma maandishi madogo sana, yale yanayoandikwa juu ya kikasha cha ndoana na juu ya mshipi wa kuvulia.

Nitawaambia kwa nini nimechagua somo hili. Mwenzetu mmoja ni seremala, naye anasoma darasa la jioni mjini Nakuru. Amenipa ruhusa nieleze habari yake, ila jina lake nisilitaje. Seremala huyu alizaliwa kando ya Ziwa Viktoria, na tangu utoto alivua ngege na fulu kwa ndoana. Mwaka huu, mwezi wa Februari, rafiki zake wawili walimwalika waende kuvua besi katika Ziwa Naivasha. Besi ni jina la samaki. Msidhani nasema basi la abiria. Walikubaliana kuchanga fedha za kukodi mashua, na mashua ya huko hulipwa kwa saa.

Seremala akaenda dukani. Duka lenyewe lina wavu wa chuma mbele, mnunuzi haoni vizuri vitu vilivyo rafuni. Akasema, “Nipe ndoana.” Mwenye duka akauliza, “Namba ngapi?” Sasa sikilizeni. Mtu huyu alikuwa amejifunza kusoma namba miezi michache tu kabla ya siku hiyo, naye alifurahi kuulizwa. Alijua kwamba 12 ni kubwa kuliko 2. Alitaka ndoana kubwa kwa samaki mkubwa, akajibu, “Namba 12.” Kisha akachukua mshipi uliokuwa rahisi kuliko yote, akalipa, akatia vitu mfukoni.

Kikasha alikifungua ndani ya mashua, katikati ya maji, saa ya kukodi imekwisha kuanza kuhesabiwa. Ndani mlikuwa na ndoana ndogo kama za kuvulia dagaa. Hata hivyo alivua, maana angefanya nini? Karibu na mafunjo besi mmoja alimeza chambo, akavuta mara moja, akaingia chini ya mafunjo. Mshipi ukakatika. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na mkewe alikuwa amekwisha kusaga nazi.

Basi, mwalimu, tafadhali chukua chaki. Andika ubaoni namba hizi katika mstari mmoja: 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1. Hizi ni namba za ndoana. Lakini zimekwenda kinyume cha hesabu tuliyozoea. Ndoana namba 12 ni ndogo, namba 8 ni kubwa kuliko hiyo, namba 2 ni kubwa zaidi, na namba 1 imezipita zote hizo. Kadiri namba inavyopungua ndivyo ndoana inavyozidi kuwa kubwa.

Sasa baada ya 1, endelea kuandika: 1/0, 2/0, 3/0, 4/0. Kile kimstari kilichoinama kinaitwa mkwaju. Tunasoma “moja mkwaju sifuri,” “mbili mkwaju sifuri,” na kadhalika. Hapa hesabu inageuka tena: 2/0 ni kubwa kuliko 1/0, na 4/0 ni kubwa kuliko 2/0. Najua wengine mnacheka. Mimi naona waliopanga namba hizi hawakumwonea huruma mwanafunzi. Lakini ndivyo zilivyo, na mtu anayezijua hadanganyiki.

Kwa besi, kama chambo ni nyungunyungu hai, ndoana namba 4 au 2 inafaa. Kama chambo ni mnyoo wa mpira, ule mrefu na laini unaouzwa madukani, chukueni 1/0 hata 3/0. Sababu ni kinywa cha samaki mwenyewe. Besi huyu ana kinywa kipana kupita kiasi. Akikifumbua, mtu anaweza kutia ngumi ndani ya kinywa cha besi mkubwa. Ndoana ndogo hupotea humo bila kushika pazuri.

Nieleze kidogo asili yake, maana ukimjua samaki utajua cha kununua. Besi si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kaskazini. Aliletwa Naivasha katika miaka ya 1920, kwa ajili ya watu waliopenda kuvua kwa kujifurahisha. Mwaka 1970 akaletwa mgeni mwingine kutoka Amerika, yule kamba mwekundu wa maji baridi mwenye magando. Besi akamkuta kamba huyo, akamla kwa furaha. Kwa hiyo chambo cha mpira chenye rangi nyekundu iliyoiva au kahawia, kikiburutwa polepole chini ya maji, kinafanana na chakula anachokitafuta kila siku.

Tena besi hawinjiki kwa kuzunguka ziwa zima. Yeye huvizia. Hukaa kimya kando ya mafunjo, au chini ya magugu maji, au penye mti uliozama, akingojea kitu kipite. Mwaka 2020 maji ya Naivasha yalipanda sana, yakaingia mashambani na katika nyumba za watu, na migunga mingi ya ufuoni ikafia ndani ya maji. Ziwa hili hupanda na kushuka. Mtu aliyelijua miaka kumi iliyopita, leo anaweza kuwa mgeni kama seremala wetu.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kufungua mfuko wa vyombo, tazameni maji kwanza. Duka halijui ziwa lenu. Kuna mambo matatu ya kutazama, na hayahitaji fedha.

La kwanza ni kina. Fungeni jiwe kwenye kamba, lizamisheni mpaka chini, kisha vuteni kamba na kuipima kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyoshwa. Sehemu kubwa ya Naivasha ni maji ya pima chache tu. Kina kirefu kiko upande wa Kisiwa cha Crescent, mahali palipokuwa kinywa cha volkano zamani. Penye maji machache, chubwi liwe jepesi, kama punje ya mahindi. Chubwi ni kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi. Chubwi zito penye maji machache huanguka kwa kishindo, na samaki hukimbia. Penye kina, au upepo ukivuma, ongezeni uzito, la sivyo chambo hakifiki chini.

La pili ni weupe wa maji. Shusheni kifuniko cheupe cha sufuria kwa kamba. Kikipotea machoni kabla ya kufika dhiraa moja, maji hayo ni machafu; mara nyingi huwa hivyo karibu na mahali Mto Malewa unapoingia na matope yake. Hapo samaki haoni mbali. Anasikia. Tumieni chambo cheusi, au kile kijiko cha chuma kinachozunguka na kutikisa maji kikivutwa. Maji yakiwa maangavu, acheni makelele. Chukueni rangi zinazofanana na viumbe vya ziwani, na mshipi usiwe mnene kupita lazima.

La tatu ni vichaka vya majini, nalo ndilo lililomshinda seremala wetu. Besi akishikwa hukimbilia mafunjo. Kwa hiyo mshipi lazima uwe na nguvu ya kumzuia asifike. Turudi ubaoni. Juu ya kibandiko cha mshipi mtaona namba pamoja na herufi mbili: lb. Hizo maana yake ni ratili. Ratili mbili zina upungufu kidogo tu kuliko kilo moja. Vibandiko vingine vimeandikwa kg, yaani kilo. Namba hiyo inasema mshipi utakatika ukivutwa kwa uzito gani. Mshipi wa seremala ulikuwa wa ratili 4, haufiki hata kilo mbili. Penye maji ya wazi, ratili 8 au 10 zatosha. Kando ya mafunjo na miti iliyozama, msishuke chini ya ratili 14. Ratili 17 si nyingi.

Mtu atauliza, “Samaki ana kilo moja tu, kwa nini mshipi wa kilo saba?” Swali zuri. Samaki akigeuka kwa ghafula huvuta kuliko uzito wake. Tena hukokota magugu pamoja naye. Tena kila fundo hupunguza nguvu ya mshipi. Tena mshipi wa nailoni ukikaa juani muda mrefu huchakaa, hata kama macho yanauona mpya. Uwekeni kivulini. Kabla ya kuvua, upitisheni kati ya vidole. Mkisikia mkwaruzo, kateni kipande hicho mtupe katika pipa, msikitupe ziwani, ndege hunaswa.

Kuhusu fundo, fanyeni hivi. Kunjeni ncha ya mshipi iwe mbili. Pitisheni kitanzi hicho katika tundu la ndoana. Fungeni fundo la kawaida, lakini msilikaze. Sasa ivusheni ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowesheni kwa mate, kisha vuteni polepole mpaka likaze. Bila mate, nailoni huungua kwa kusuguana na kuwa dhaifu. Jizoezeni nyumbani kwa uzi mnene na pete, hata gizani.

Na ndoana isinase magugu kila ikitupwa. Ingizeni ncha ya ndoana katika kichwa cha mnyoo wa mpira, itokeze pembeni, vuteni mpaka jicho la ndoana lifike kichwani, igeuzeni, kisha ficheni ncha yake ndani ya mwili wa mnyoo. Hivyo mnyoo hupita katikati ya magugu bila kushika kitu. Samaki akiuma, subirini kidogo, halafu vuteni kwa nguvu ili ncha ipenye mpira na kumshika.

Juu ya ufito nitasema machache. Usiwe laini kama ule wa kuvulia samaki wadogo, maana hautaweza kumtoa samaki kichakani. Kama una kigurudumu cha kukunjia mshipi, kazeni breki yake kabla ya kuanza, vuteni mshipi kwa mkono na kujaribu.

Sasa joto. Kuanzia Januari hata Machi jua la Naivasha ni kali mchana, ingawa usiku kuna baridi, kwa kuwa ziwa liko juu sana, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi mapema besi huwa karibu na ukingo, anakula. Hapo hata chura wa mpira anayeelea juu ya magugu atafaa. Jua likipanda, besi hutafuta kivuli au kina. Mtu anayeendelea kuvua juu ya maji machache saa sita mchana na chura wake atapata jua tu.

Lakini asubuhi na jioni ndizo pia saa za viboko. Hapa naomba walimu msome sehemu hii mara mbili. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, na alfajiri hurudi kwa njia ile ile. Njia zake huonekana kama milango iliyokatwa katika mafunjo. Msiegeshe mashua mbele ya mlango huo hata kama besi wanaruka hapo. Msiingie majini kwa miguu kufungua ndoana iliyonasa, kateni mshipi. Ndoana ni vitu vya kununua tena. Chukueni mwenye mashua anayeyajua maji, mwulizeni viboko wako wapi siku hiyo, na akisema tuondoke, ondokeni. Alasiri upepo huinuka na mawimbi hupanda upesi, kwa hiyo rudini ufukweni mapema. Na ulizeni ofisi ya uvuvi habari za kibali kabla ya kutupa ndoana.

Seremala wetu alirudi Naivasha mwezi wa Machi. Safari hii alisimama dukani mbele ya ule wavu, akasema, “Nipe mbili mkwaju sifuri, na mshipi wa ratili 14. Nionyeshe kibandiko.” Akakisoma mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Alinunua vitu vitano tu: ndoana, mshipi, chubwi, minyoo ya mpira ya kahawia, na kijiko kimoja. Walipofika, alipima kina kwa jiwe, rafiki zake wakimcheka. Alipata besi wawili kabla ya saa tatu. Wa tatu aliingia kwenye mgunga uliozama akaondoka na mnyoo.

Kazi ya juma hili. Kila darasa litafute kikasha kimoja cha ndoana na kibandiko kimoja cha mshipi, hata vikuukuu. Someni namba zake kwa sauti. Kisha jibuni katika madaftari: Kati ya ndoana namba 6 na namba 2/0, ipi ni kubwa? Mshipi wa lb 10 ni wa kilo ngapi, kwa kukisia? Na wale mnaokaa karibu na ziwa, mto au bwawa, pimeni kina chake mahali patatu mkiwa salama ndani ya mashua au juu ya daraja, mwandike ni pima ngapi. Walimu watatuletea majibu kwa barua. Kwaherini mpaka Jumanne.