Miaka Mnayoificha kwenye Wasifu

Ndugu wasikilizaji wa Mgori! Najua wengine mnapepeta alizeti huku redio iko pembeni. Endeleeni, lakini mwiteni yule kijana wenu aliyesoma sheria. Leo nina ugomvi naye.

Kila zinapotangazwa nafasi za maofisa sheria, vijana huniletea wasifu niwasomee, na kila mara nakuta pengo lile lile: shahada 2018, kisha kimya mpaka 2022. Ulikuwa wapi? "Nyumbani tu." Nyumbani tu! Mmoja nilimbana mpaka akasema: alikuwa kwenye mashine ya kukamua alizeti, akiandika mikataba ya wakulima wanaokopeshwa mbegu, na wakigombania uzito wa magunia, ndiye aliyekaa nao mpaka wakaelewana. Hiyo kaifuta, eti kazi ya kijijini. Akabakiza unahodha wa timu ya sekondari!

Msaili akiona miaka minne mitupu huijaza mwenyewe, na hakujazii mema. Kuuza vocha wiki mbili, sawa, toa. Lakini mikataba na usuluhishi? Hiyo ndiyo sheria yenyewe, hata kama ilifanyika juu ya gunia.

Na uliyekuwa msaidizi wa kisheria hapa kijijini, mbona unaona haya? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakutambua. Andika: mirathi, mipaka ya mashamba. Majina ya uliowasaidia usiyaguse. Siri ya mteja haitolewi ili wewe upate kazi.

Msinigeuzie maneno sasa mkaanza kutunga. Uhakiki wa vyeti wa 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi, wakatolewa kazini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira nayo husema wazi kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Mwanasheria mzima ushtakiwe kwa kazi ambayo hukuifanya, na uliyoifanya umeificha!

Wasifu uwe kurasa ngapi? Mbili zinatosha, tuendelee.

Wapo wanaomwachia mwenye steshenari awabandikie wasifu wa mtu mwingine, abadilishe jina tu. Nimeuona mmoja umebaki na wadhamini wa mwenyewe. Wakipigiwa simu, watasema wanamjua nani?

Kabla ya kwenda kuchapa, chukua daftari uandike mwaka kwa mwaka tangu umalize chuo, na kazi uliyoifanya. Kisha mwendee yule mwenye mashine ya alizeti, umwombe awe mdhamini wako, na akupe namba inayopatikana.