Kodi ya Miezi Sita na Karatasi ya Kura

Mpangaji wa Ipogolo, pale chini barabara kuu ya Mbeya inapopita kabla hujapanda mlima kuingia Iringa mjini, hulipa kodi kwa mkupuo: miezi mitatu, sita, wakati mwingine mwaka mzima. Sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyokuwa na mabaraza yake, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ni maelewano, na mwenye nyumba ndiye mwenye sauti.

Uingereza suala la nyumba na kodi husaidia kuamua kura. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo, na chama chake kikavuna wafuasi. Vijana wa leo, wasiomudu bei, wamekipa kisogo. Mwaka 2024 chama cha Labour kiliahidi nyumba milioni 1.5, na sheria yake ya 2025 inakataza kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele.

Mbona huku kodi haitikisi jukwaa? Nadhani mpangaji wetu hajihesabu mpangaji. Anajihesabu mjenzi: kiwanja anacho pembeni, tofali zimeanza kurundikana, bati bado. Mgombea humfuata na ahadi za upimaji, umeme na maji. Tena mpangaji huhamahama. Asiporekebisha taarifa zake kwenye daftari la wapiga kura, siku ya kura kituo chake kiko kata nyingine, na hesabu hiyo mwanasiasa yeyote anaijua.